Mashindano ya tafiti za mwaka wa mwisho: mbinu za utafiti alama 10, mavazi alama 10. Hivi tuko serious?

Wakuu habari za muda huu. Uzi utakuwa mrefu, mniwie radhi, nina hasira na nikiwa na hasira siwezi kufupisha.

Chuoni kwetu yamefanyika yale mashindano ya kuwasilisha tafiti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kila idara inatoa watu wake, mnagawanywa vyumba, kila chumba kina majaji wake, wenye alama za juu wanaenda fainali ukumbini mbele ya mgeni rasmi. Mwanzoni nilifurahi kweli, maana utafiti wa mwaka wa mwisho tunajua mwisho wake, unahenyeka nao miezi, unapitisha madodoso, unalala na laptopu kifuani, unajalidi, supavaiza anasaini, kwisha habari, hakuna binadamu atakayeufungua tena. Nikasema safari hii angalau kuna mtu ataniuliza umefanyaje mpaka ukapata hayo majibu. Weee! Nimeulizwa "una mpango gani wa kuliingiza sokoni". Utafiti wangu ni wa kulinganisha njia mbili za kukadiria makosa ya vipimo jamani, soko lipi?

Ngoja nianze na fomu ya kutolea alama maana balaa lote limeanzia hapo. Hatukuonyeshwa kabla, tumeiona baada ya matokeo. Iko hivi: mpangilio wa slaidi 15, kujiamini 15, mavazi na mwonekano 10, kutunza muda 10, ubunifu 20, faida kwa jamii 20, mbinu za utafiti 10. Jumlisha mwenyewe, ni 100. Yaani namna ulivyopata sampo yako, ulivyopima, ulivyochambua data, ulivyohakikisha hujidanganyi, vyote hivyo kwa pamoja vina uzito sawa na tai. Usahihi wa hitimisho haumo kabisa, hakuna hata mstari unaouliza "je, alichosema kinatokana na data aliyoonyesha?" Ukitoa mbinu za utafiti kwenye ile fomu inabaki fomu ya kusaka mtangazaji wa redio, na hakuna jaji atakayeona kuna kitu kimepungua.

Na ripoti? Hawakusoma. Sio kwamba nawasingizia, ripoti hazikuombwa. Ziliombwa slaidi tu, tena usiku wa kuamkia mashindano.

Sasa kuna watu watasema mtu akieleza vizuri ina maana anakijua anachoeleza. Hapana wakuu. Kuna jaribio maarufu sana la mwaka 1970 huko Marekani, walimchukua muigizaji wakamtambulisha kama Dokta Fox, mtaalamu wa kutumia hisabati kuelezea tabia za binadamu, wakampa mhadhara uliojaa maneno yanayojipinga na hoja zisizo na kichwa wala miguu, wakamwambia aeleze kwa ucheshi na kujiamini. Waliokaa kumsikiliza ni wataalamu wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia na walimu, sio watu wa kuokoteza. Wakampa alama nzuri, wengi wakasema amewafikirisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973, yako wazi, waandaaji wa mashindano ya utafiti wangetakiwa kuwa watu wa kwanza kuyajua. Halafu wewe unachukua alama 15 za kujiamini na 10 za mavazi unamwaga juu yake, unategemea nini?

Tulichokipata ndicho hicho. Mshindi wa kwanza (simtaji na sina ugomvi naye, kijana anaongea vizuri na ni mtu wa watu) alileta programu ya kutambua ugonjwa kwa kutumia akili mnemba. Slaidi ya sita imeandikwa kwa herufi kubwa: USAHIHI ASILIMIA 95. Ukumbi ukapiga makofi, jaji mmoja akatingisha kichwa kwa furaha mpaka miwani ikateleza. Slaidi ya nne, ambayo ilipita haraka kama imekanyagwa, ilionyesha jedwali la data yake: kati ya kila watu 100, wagonjwa walikuwa 5. Watano! Sasa hebu tulia hapo. Ukiandika programu ya mstari mmoja inayosema "huyu mzima" kwa kila mtu anayepita, bila kuangalia chochote, unapata usahihi wa asilimia 95 hiyohiyo, na hujamuona hata mgonjwa mmoja. Swali la kuuliza lilikuwa dogo tu, "kati ya wale wagonjwa, programu yako imewakamata wangapi?" Basi. Labda angekuwa na jibu zuri, labda imewakamata wote, sijui, ndio maana watu huuliza. Yeye aliulizwa kama ataiweka na kwenye simu za iPhone.

Linganisha na dada mmoja wa idara nyingine, alikuwa chumba cha jirani, mimi nilizama kumsikiliza. Yeye alipima kama kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha tarehe ya kliniki kunaongeza wanaorudi. Aligawanya makundi mawili kwa bahati nasibu, akaeleza kwa nini amechukua idadi ile ya watu na sio pungufu, akasema mapema kabisa angehesabu nini kabla hajaigusa data. Matokeo: hakuna tofauti. Jaji akamkata, "kwa hiyo utafiti wako umefeli?" Dada wa watu akajibu kwa upole, "haujafeli mheshimiwa, umejibu swali, na jibu ni hapana." Jaji akacheka, akamgeukia mwenzake, wakaandika. Ubunifu na faida kwa jamii, kote alipata chini ya nusu ya alama.

Hivi kumwambia mtu usipoteze hela kwenye kitu ambacho hakifanyi kazi sio faida kwa jamii? Mwaka 1887 Michelson na Morley walitafuta mwendo wa dunia ndani ya kile kitu kilichoitwa etha (kilichodhaniwa kubeba mwanga), wakapima kwa umakini wa ajabu, wakakosa walichokitafuta. Ni moja ya majaribio yanayotajwa sana kwenye fizikia mpaka leo, na limetajika kwa kukosa! Wangekuja kwenye chumba kile wangeambiwa wamefeli na wavae vizuri mwakani.

Haya, hiyo yote ni rasharasha. Jambo lililonifanya niandike ni hili la vyumba.

Vyumba vilikuwa vinne, majaji tofauti kila chumba. Kila mtu anajua kuna mwalimu ambaye 70 kwake ni zawadi ya maisha, na kuna mwingine anaanza kuhesabu kuanzia 75. Hiyo ni kawaida ya binadamu, simlaumu jaji hata mmoja. Lakini waandaaji walichofanya ni kukusanya alama za vyumba vyote kama zilivyo, wakazipanga kwenye orodha moja kutoka juu kwenda chini, wakakata sita za kwanza wakasema hao ndio fainali. Sasa angalieni: chumba chetu aliyeshika mkia alikuwa na 74. Chumba cha yule dada, aliyeongoza, ambaye ni yeye mwenyewe, alikuwa na 72. Rudia kusoma. Mtu wa mwisho kwetu amempita mtu wa kwanza kwao. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, kabla hata projekta haijawaka, ile karatasi ya mlangoni iliyosema uko chumba namba ngapi ilishaamua kama unaenda fainali. Chumba kile hakikutoa mtu hata mmoja. Chumba chetu tulienda wanne.

Ndio, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nasema mapema ili wale wa "una wivu, ulikosa" wapumzike. Mimi ni mnufaika. Nilipanda jukwaani nimepewa na cheti, na bado nasema ni uonevu.

Na sio jambo gumu kulitatua, hiki ndicho kinachoniuma, watu wanaotufundisha takwimu ndio walioshika kalamu. Njia nyepesi kuliko zote: chukua wawili wa kwanza kila chumba, peleka fainali, basi, hakuna hesabu yoyote. Ukitaka kuchanganya alama, toa wastani wa chumba kwenye alama ya kila mtu halafu gawanya kwa jinsi alama za chumba hicho zilivyotawanyika, hapo mtu wa kwanza wa jaji mkali na mtu wa kwanza wa jaji mpole wanakaribiana. Inataka watu wawe wamegawanywa vyumba kwa bahati nasibu, sio idara moja chumba kimoja, maana hapo huwezi kujua kama tofauti ni ya majaji au ya watu. Au basi wakalishe majaji pamoja asubuhi, wasikilize wasilisho moja la mfano, kila mtu aseme amempa ngapi na kwa nini, wabishane, wakubaliane, ndio watawanyike. Nusu saa tu. Tulipoteza zaidi ya hiyo kusubiri waya wa projekta.

Kwenye muda nitapita haraka. Kanuni ilisema dakika 8 za kuongea na 4 za maswali. Asubuhi watu walienda mpaka 13 jaji anatabasamu. Mchana ikasemekana mgeni rasmi yuko njiani, wa mwisho mwisho wakaambiwa "fupisha, una dakika 5", halafu kwenye fomu kuna alama 10 za kutunza muda! Mtu anayeminywa hivyo unampimaje? Kuna yale mashindano ya dakika tatu yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, ya watu wa uzamivu: slaidi moja isiyocheza, ukizidisha dakika tatu umetolewa, haijalishi wewe nani. Unaweza usiyapende (mimi kuna mambo siyapendi, dakika tatu za utafiti wa miaka minne ni kama tangazo) lakini angalau saa ni moja kwa wote.

Na zamu nayo ina mambo yake. Kuna wachumi wawili walichambua mashindano makubwa ya piano ya Malkia Elisabeth kule Ubelgiji, wakaonyesha mwaka 1996 kwamba siku na zamu uliyopangiwa inagusa nafasi utakayoshika, wakati zamu zinapangwa kwa kura! Hao ni majaji wa muziki wa kiwango cha dunia. Sisi zamu zilipangwa kwa kufuata nani alituma slaidi zake kwanza.

Halafu wasimamizi wa tafiti kuwa majaji wa wanafunzi wao wenyewe. Chumba cha tatu jaji alikuwa supavaiza wa wawili kati ya waliowasilisha, na hakutoka nje wala hakuacha kujaza fomu, tena alimsaidia mmoja wao kujibu swali. "Anachomaanisha hapa ni kwamba..." Mheshimiwa, wewe ni jaji au ni wakili? Najua watu ni wachache na idara ni ndogo, sawa, lakini zamu ya mwanafunzi wako ikifika weka kalamu chini, wengine wawili wanatosha.

Nimeongea na mmoja wa waandaaji, akanijibu kwamba lengo sio utafiti, lengo ni kuwajengea wanafunzi stadi za mawasiliano. Sawa kabisa! Basi yaiteni mashindano ya kuongea. Mimi nitakuja, nitapiga makofi, nitavaa na tai. Msiandike kwenye bango UTAFITI BORA WA MWAKA halafu mtu aende nalo kwenye maombi ya skolashipu, wakati yule aliyefanya utafiti wenyewe ana 72 na karatasi ya ushiriki isiyo na muhuri.

Madai yangu sio makubwa. Fomu itolewe miezi kabla, sio baada. Mbinu na uhalali wa hitimisho vichukue angalau nusu ya alama, mavazi yafutwe kabisa. Jaji mmoja angalau kila chumba awe amesoma ripoti, hata kurasa chache za mbinu na matokeo. Na alama za kila jaji zibandikwe, bila majina ya majaji kama wanaogopa, ili tuone chumba gani kilikuwa cha moto na kipi cha baridi.

Naandaa barua, tumeshasaini watu kadhaa wakiwemo wawili walioingia fainali. Mkuu wa idara ameniambia nisipeleke manung'uniko matupu, nipeleke na mfano wa namna wengine wanavyofanya. Kwa hiyo wakuu kama chuoni kwenu haya mashindano yapo, naomba mniwekee hapa fomu yenu inagawaje alama na fainalisti wanapatikana vipi kama mna vyumba zaidi ya kimoja. Waliowahi kuwa majaji pia karibuni, hasa mnieleze huwa mnapewa maelekezo gani kabla ya kuanza, au na nyie mnakabidhiwa kalamu na chupa ya maji tu.

Na wewe unayetaka kuandika "mkuu shule imeisha, tafuta kazi", pita kushoto.