Nyumba ya Bibi, kundi letu la simu: nyimbo za filamu ya Kihindi Saiyaara zimeingia

*Alhamisi usiku, Julai 2025*

Suhaila: Assalam alaikum nyote. Jamani nyimbo za Saiyaara zishatoka, zote tano, na mie nazisikiliza tangu baada ya Isha. Mara moja kwa spika, mara tatu kwa hedifoni. Silali kabla sijasema.

Mama: Waalaikum salaam. Na kesho kazini saa ngapi?

Suhaila: Saa mbili Mama. Nitaamka inshallah.

Farid: Saiyaara ile ya Salman Khan? Mbona ya zamani hiyo.

Suhaila: Sio hiyo kaka. Ile ni wimbo mmoja tu ndani ya Ek Tha Tiger, 2012, kaimba Mohit Chauhan. Hii ni filamu nzima, jina lake ndilo hilo. Inatoka Ijumaa ijayo tarehe 18. Mwongozaji Mohit Suri, yule wa Aashiqui 2.

Dada Warda (Maskati): Eh! Aashiqui 2 ililiza watu. Nani anacheza humu?

Suhaila: Kijana mpya, Ahaan Panday, na msichana anaitwa Aneet Padda. Kijana ni mwimbaji, msichana ndiye anayemwandikia maneno.

Mama: Panday? Ana nasaba na Chunky Panday?

Suhaila: Mtoto wa ndugu yake Mama.

Mama: Mashallah. Chunky tulimuona kwenye Tezaab. Kanda tuliikodi siku mbili, tukaitazama mpaka picha ikawa inaruka.

Farid: Haya Suhaila, sema. Ukinyamaza utatuamsha saa tisa.

Suhaila: Naanza na ule wenye jina la filamu. Kaimba Faheem Abdullah, kijana wa Kashmir. Mahadhi katunga yeye na mwenzake Arslan Nizami, naye wa hukohuko Kashmir, pamoja na Tanishk Bagchi. Maneno ya Irshad Kamil.

Unaanza pole pole. Sauti iko karibu na sikio, kama mtu mnaongea naye barazani wengine washalala. Hapambi. Sauti yake ina mkwaruzo mdogo, na ukivaa hedifoni unamsikia anavuta pumzi kabla ya neno. Halafu magitaa na ngoma vinaingia kwa pamoja, naye anapanda navyo, lakini ule mkwaruzo hauondoki, anapanda nao mpaka juu. Hapo nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikasikiliza kipande hichohicho mara nne.

Dada Warda (Maskati): Mwanangu kausikia kwenye simu yangu leo, kaniuliza, "Mama, kwani huyu anaimbia gari?"

Suhaila: Gari?

Dada Warda (Maskati): Huku sayyara si gari! Skuli anafundishwa hivyo, na barabarani watu wanasema hivyo.

Suhaila: Kumbe! Kihindi ni nyota inayotembea, haina kituo. Ndivyo anavyomwita mpenzi wake.

Ami Nassor: Waalaikum salaam wote. Neno hilo limo ndani ya Qur'ani. Surat Yusuf, aya ya 19. "Wa jaa'at sayyaratun", wakaja wasafiri, wakamtuma mchota maji wao, akateremsha ndoo kisimani, akamtoa Nabii Yusuf. Sayyara pale ni msafara. Asili yake ni kwenda. Msafara unakwenda, gari linakwenda, na nyota zile zinazokwenda nazo ni hivyohivyo.

Suhaila: Ami ngoja. Ngoja kwanza. Sayari.

Farid: Sayari nini?

Suhaila: SAYARI! Mirihi, Zuhura, Mshitarii. Tumesoma skuli miaka yote hiyo. Sayari ndiyo saiyaara! Neno ni hilohilo!

Ami Nassor: Ndilo. Limepanda jahazi jengine tu.

Suhaila: Wallahi nimesimama katikati ya chumba. Nimeimba neno hili usiku mzima na sikulijua kuwa ni langu.

Dada Warda (Maskati): Sasa nasikia raha. Nami nitamwambia mwanangu.

Suhaila: Basi kuna jengine Ami, kile kiitikio. Anamwambia, sayari yangu, wewe hukubadilika, ni msimu tu umenuna kidogo. Neno lake ni "mausam". Nalo vipi?

Ami Nassor: Mausam ni mawsim, na mawsim ndio msimu. Babu yako akikaa Malindi ya Unguja, pale bandarini, akihesabu majahazi kwa msimu. Kaskazi inawaleta kutoka Bara Hindi na Arabuni, wanakaa, wanauza, wanaoa, kusi ikianza wanarudi. Muhindi anaposema mausam na sisi tunaposema msimu tunazungumzia upepo mmoja.

Suhaila: Na "kununa" ndiyo tafsiri yenyewe, sikuilazimisha. Neno lao ni la mtu aliyekasirikia mpenzi wake, akageuza uso, anataka abembelezwe. Ndiyo kununa huko. Nilipolisikia mara ya kwanza lilinijia kwa Kiswahili moja kwa moja, na Kihindi changu chote nimekiokota kwenye filamu.

Mama: Bibi yako kaamka, anauliza nini kelele za simu. Nampa asikilize.

Suhaila: Mpe hedifoni Mama, tafadhali, usimpe spika ya simu. Spika ya simu inaua ule mwanzo.

Farid: Mie niseme langu. Dukani tumeupiga Barbaad tangu juzi. Jubin Nautiyal ana sauti, hilo sibishi. Lakini mwanzo gitaa, kati maumivu, mwisho mvua. Mohit Suri anatupa sahani ileile.

Suhaila: Kuhusu Barbaad nakubaliana nawe nusu. Mtungaji wake anaitwa The Rish, na mahadhi ni mazuri, yanakaa kichwani. Tabu yake inafika kwenye uchungu haraka. Bado hujamjua mtu, ashakwambia kaharibikiwa. Jubin angepewa beti moja tulivu kabla, ingeniingia zaidi. Ila mara ya tatu nilianza kuipenda pale anapoteremka mwishoni.

Farid: Na Tum Ho Toh?

Suhaila: Vishal Mishra na Hansika Pareek. Nyepesi, tamu, ya kupikia chai. Sina zaidi.

Farid: Humsafar?

Suhaila: Humsafar wameimba Sachet na Parampara, ambao ni mume na mke, na mahadhi ni yao wenyewe. Ndio walewale wa wimbo wa Bekhayali kwenye filamu ya Kabir Singh. Sikiliza wanavyopokezana. Mmoja hamalizi neno, mwenzake keshalishika. Na jina lenyewe tazama, hum-safar. Safar si safari? Mwenza wa safari.

Ami Nassor: Ndivyo.

Suhaila: Sasa kila nikisikia neno nalipekua. Waqt, wakati. Khabar, habari. Kismat, kismati. Dunia hata haikubadilika herufi.

Dada Warda (Maskati): Umebakisha Dhun. Huyo si Arijit?

Suhaila: Nimeuweka mwisho kwa sababu ndio nisioweza kuuelezea vizuri. Dhun maana yake ni mahadhi. Mtungaji ni Mithoon, yuleyule aliyetunga Tum Hi Ho ya Aashiqui 2 mwaka 2013, na mwimbaji ni Arijit Singh yuleyule, na mwongozaji yuleyule. Nilikaa nikiogopa kuwa wataturudishia Tum Hi Ho na shanga mpya shingoni. Haikuwa hivyo. Tum Hi Ho ni ya kijana anayeapa mbele za watu. Hii Arijit kaimba kama mtu mzima, anaanza chini kabisa, haombi kitu. Miaka kumi na mbili imo ndani ya sauti ile. Mie nilikuwa darasa la saba Tum Hi Ho ilipotoka, tukiiandika maneno yake kwenye daftari la hesabu kwa herufi zetu wenyewe. Leo nimeisikiliza Dhun taa zimezimwa na nimelia, sikulia kwa huzuni.

Mama: Maskini mwanangu.

Dada Warda (Maskati): Usiku huu naisikiliza.

Mama: Bibi kamaliza kusikiliza ule wa kwanza. Kasema maneno, nayaandika kama alivyosema: "Sauti ya mtoto nzuri. Ngoma ya tabla iko wapi? Na kwa nini mwisho wanapiga kama mabati yanaezuliwa? Na nyimbo tano watungaji wangapi?"

Suhaila: Watungaji ni wengi Bibi. Kila wimbo na wake.

Mama: Anasema: "Filamu ya Mother India nyimbo zote alitunga Naushad peke yake. Lata kaimba, Rafi kaimba, Shamshad Begum kaimba, Manna Dey kaimba, mkono wa mpishi mmoja. Sisi tulikwenda sinema ya Majestic na mama yangu, onyesho la wanawake watupu, tumejifunika mabuibui, tukitoka pale Vuga tunaimba wote wimbo mmoja mpaka nyumbani. Nyimbo za wapishi watano utaimba upi njiani?"

Ami Nassor: Mama yangu kasema kweli. Filamu ilikuwa na mwenyewe.

Suhaila: Bibi, nakuheshimu na Naushad namheshimu. Lakini leo nimezipiga zote tano kwa mfuatano, na kwangu zimeshikana. Kinachozishika ni kwamba zote zinaimbwa na mtu anayemwambia mwenzake sahau chochote, mimi usinisahau. Hilo liko katika kila moja, na nadhani Mohit Suri ndiye mpishi hapo, kakaa jikoni na wote. Tabla kweli haipo mbele, na nami ningeipenda katika Humsafar. Hilo nakupa.

Mama: Anasema: "Haya. Wimbo mzuri ni ule unaoweza kuutia maneno yako. Juma Bhalo wa Mombasa alikuwa anachukua mahadhi ya Kihindi anayatia Kiswahili, unasikia kama yalizaliwa Kibokoni. Huu wa mtoto wa Kashmir sijui kama utakubali." Kisha kazima taa.

Farid: Kesi imeahirishwa.

Ami Nassor: Laleni. Kesho Ijumaa.

*Ijumaa, saa nne asubuhi*

Dada Warda (Maskati): Assalam alaikum. Nimesikiliza Dhun mara mbili nikiendesha. Suhaila, sina la kuongeza. Tiketi nakata leo, huku filamu za Kihindi zinaingia wiki ileile.

Suhaila: Utaniambia kila kitu, ila mwisho usiniambie!

Mama: Njooni msikie. Bibi yuko ukumbini, ungo mapajani, anachambua mchele wa biriani. Tangu saa tatu anaguna kitu, nikadhani dua. Nimekaribia, ni ule wa sayari!

Suhaila: MAMA REKODI

Mama: *(ujumbe wa sauti, sekunde 41)*

Suhaila: Nimesikiliza hapa kazini, nimeingia stoo nikafunga mlango. Nasikia mchele unavyoruka kwenye ungo, tsha, tsha, naye anaimba katikati yake, na ule ungo ndio tabla aliyoitaka. Na ameyavuta mwisho kama Faheem hasa! Maneno yake mwenyewe! Nayaandika asiyeweza kufungua ayaone:

*Sayari u vile vile, msimu ndio wanuna*
*Nangoja pwani pale pale, hadi tutapoonana*

Farid: Eh, Bibi!

Dada Warda (Maskati): Nimesisimka mwili mzima. "Sayari u vile vile."

Ami Nassor: Mama, mashallah, vina vimekaa, le na le, na na na. Ila mstari wa pili kipande cha kwanza umezidi mizani moja. Na-ngo-ja-pwa-ni-pa-le-pa-le, tisa. Wa juu nane.

Mama: Anahesabu kwa vidole, mchele umemwagika.

Mama: Anasema Nassor kapatia.

Ami Nassor: Tuseme "nangojea pale pale"? Hiyo nane.

Mama: Anasema: "Sawa, toeni pwani. Pwani nitaitia ubeti wa pili. Na huyo mtoto aniletee simu yake jioni, nataka kusikia tena pale anapovuta pumzi."