Mdudu wa kidole asiyepona: lini tushuku pafu?

tabibu_zamu
Wakuu, mgonjwa ni mtu mzima, mvutaji sigara. Ncha ya kidole imevimba na inawaka, kila mtu anasema mdudu wa kidole. Ikipasuliwa hakuna usaha, ni damu tu. Antibiotiki wiki 3, hakuna nafuu. Eksirei inaonyesha mfupa wa ncha umeliwa. Ni maambukizi ya mfupa kweli? Sampuli ichukuliweje?

fundi_mifupa
Ukipasua ukakuta damu bila usaha, simama hapo hapo. Rudi kwenye eksirei, tazama kiungo. Maambukizi hupenda kuvuka kiungo na kukiharibu. Saratani mara nyingi humaliza mfupa wa ncha na kuacha kiungo salama. Metastasi (saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine) za mkononi ni nadra sana, lakini zikitokea, pafu ndilo la kwanza kushukiwa, hata kama mtu hakohoi. Piga eksirei ya kifua leo. Ikionekana safi usitulie: uvimbe nyuma ya moyo au nyuma ya mtulinga hujificha. CT (picha ya tabaka kwa tabaka) ya kifua ishuke hadi kwenye ini na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo.

meza_ya_patholojia
Gawa sampuli kabla ya kufungua chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama. Kipande kimoja kwenye saline (maji ya chumvi), kwa kuotesha vijidudu na GeneXpert, kipimo cha TB, maana TB ya kidole nayo ipo. Fomalini huua vijidudu, hakitaota kitu. Kingine kwenye fomalini 10%, ujazo mara 10 ya nyama.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kulainisha mfupa ili ukatike kwa darubini. Asidi kali huvunja DNA, halafu kipimo cha EGFR, jeni inayosaidia kuchagua dawa, kinagoma. Tenga nyama laini isipite huko kabisa. Mfupa ulainishwe kwa EDTA, kemikali isiyo kali kama asidi, ingawa ni polepole. TTF-1 na CK7 (protini zinazodokeza saratani imetoka wapi) zikiwa chanya, fikiria adenokasinoma, aina ya saratani, ya pafu, ila saratani ya thairoidi nayo hubeba TTF-1. Na jamani, andikeni kwenye fomu kwamba anavuta sigara!

tabibu_zamu
Asante. Kidole kikatwe?

chumba_cha_mionzi
Usikimbilie kisu. Ikithibitika ni saratani ya pafu iliyosambaa, hii tayari ni hatua ya 4. Mionzi ya Gy 8 (Gy ni kipimo cha dozi ya mionzi), mara moja, hutuliza maumivu kwa wengi ndani ya wiki chache. Kukata ni kwa kidole kilichooza au kinachovuja damu. EGFR ikiwa na mabadiliko yanayotibika, kuna vidonge kama osimertinib. Morfini ya maji isisubiri majibu ya maabara.