Muuza rimu kaniambia "zinaingia tu mkuu": nimebaki na boliti iliyoharibika, madigadi yaliyochunika na usukani unaotetemeka

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha. Hii ni wiki ya tatu sijaliendesha gari langu kwa raha, na aliyenifikisha hapa ananijibu kwa mkato kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

Gari ni Subaru WRX STI sedan ya 2011. Nalitaja kwa sababu vipimo vyake si siri kwa yeyote anayejiita muuza rimu: PCD 5x114.3 (boliti tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3), tundu la katikati milimita 56.1, boliti za habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, M12x1.25 (unene milimita 12, jino hadi jino milimita 1.25), na rimu zake za kiwandani ni 18x8.5 (inchi za kipenyo kwa upana) ofseti 55 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu; ikishuka, rimu inatoka nje), tairi 245/40R18 (upana milimita 245, ukuta asilimia 40 ya upana huo, rimu inchi 18). Yote haya nilimwandikia KABLA ya kutoa hela. Nikamuuliza mambo matatu tu: rimu zako ofseti ngapi, tundu la katikati ngapi, na je, spoki zinapita kalipa (vishikio vya breki) kubwa za Brembo za mbele? Jibu lake: "Zinaingia tu mkuu, tumeshafunga nyingi." Nikauliza mara ya pili. "Zina JWL hizo, usiwe na wasiwasi."

JWL ni alama ya kiwango cha Kijapani cha uimara wa rimu za aloi. Inahusu rimu kuhimili mzigo na mapigo, basi. Haisemi lolote kuhusu kukaa kwake kwenye gari langu. Mtu anakuuliza saizi ya kiatu, wewe unamsifia ngozi!

Siku ya kufunga nilikuta rimu zimeshavalishwa tairi 265/40R18 na gari langu liko kwenye jeki. Nilipoinama kusoma maandishi nyuma ya spoki nikaona 18x9.5, ofseti 38. Pale pale nikamwambia fundi hizi zitatoka nje sana. Akasema "zitakaa vizuri, utapenda".

Tufanye hesabu, maana haihitaji shahada. Rimu imeongezeka upana inchi 1, yaani milimita 25.4. Nusu yake, 12.7, inaenda nje na nusu inaenda ndani. Ofseti imeshuka kutoka 55 hadi 38, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje milimita 17. Jumlisha: mdomo wa nje umetoka milimita 29.7 kuliko wa kiwandani. Karibu sentimita 3! Upande wa ndani umepata nafasi ya ziada ya milimita 4.3 kutoka kwenye shokapu, nafasi ambayo sikuwa na shida nayo. Halafu tairi. 245/40R18 ina kipenyo cha karibu milimita 653. 265/40R18 inafika 669. Umesukuma tairi nje karibu sentimita 3 na hapo hapo umelinenepesha na kulirefusha. Wanaofunga 9.5 ofseti 38 kwenye STI wapo, na wanajua wanachofanya: wanashusha hadi 265/35, ambayo ni milimita 643 hivi, wanakunja mdomo wa ndani wa madigadi, wanapanga kemba (mlalo wa gurudumu kwa ndani au nje). Nasi tulipaswa kuambiana hivyo kabla, si baada.

Kona ya kwanza tu nikiwa nimekata usukani hadi mwisho, tairi la mbele likakwangua plastiki ya ndani ya madigadi. Tuta la kwanza nikiwa na watu nyuma, nikasikia "krraa" na harufu ya raba iliyoungua. Niliposhuka, mdomo wa madigadi la nyuma kulia ulikuwa umechunika rangi mpaka bati linang'aa, na kwenye bega la tairi kuna mstari uliochongwa kuzunguka lote. Tairi jipya hilo.

Hata hivyo si madigadi yaliyonipandisha presha. Ni mtetemo.

Nikifika kilomita 90 kwa saa usukani unaanza kucheza, kwenye 110 unatetemeka mpaka viganja vinakufa ganzi, nikipita 120 unapungua kidogo. Nikarudi kwao. Wakaivua moja, wakaiweka kwenye mashine ya balansi, ikasoma sifuri kwa sifuri. "Umeona? Rimu haina shida. Kaangalie shokapu zako." Shokapu zangu hazikuwa na neno lolote asubuhi ile nilipokuja na rimu za kiwandani!

Nikaenda nyumbani nikavua rimu zote nne mwenyewe, nikachukua venia (kipimo cha milimita) nikapima tundu la katikati. Milimita 73.1. Habu ya gari langu ni 56.1. Tofauti ya milimita 17, yaani uwazi wa milimita 8.5 kila upande, na ndani yake HAKUNA PETE ya kuziba uwazi huo na kuiweka rimu katikati. Nilipitisha kidole cha shahada kati ya habu na rimu, kikazunguka kidogo kibane pembeni. Hicho ndicho walichokiita kuingia.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema nati za koni zinaiweka rimu katikati zenyewe, pete si lazima. Nakubali zinaweza, tena kuna magari mengi yanaenda hivyo. Ila masharti yake ni haya: gurudumu likiwa hewani, nati zote tano zifungwe kwanza kwa mkono, kisha zikazwe kwa kuruka-ruka kama unachora nyota, kidogo kidogo, ndipo gari lishushwe na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) imalizie kwa kiwango cha kitabu cha gari. Fundi wao alifanya nini? Alifunga mbili kwa mkono, akashusha jeki, akachukua bunduki ya upepo akazikaza kwa kufuatana mpaka ikagoma. Uzito wa gari ukishalala kwenye rimu isiyo na pete, rimu inakaa pale ilipoangukia. Ikiwa nje ya katikati hata kwa sehemu ndogo ya milimita, kwenye mwendo wa barabara kuu mikono itajua.

Na mashine ya balansi haiwezi kuliona hilo. Mashine inaishika rimu kwa koni kupitia lile tundu la katikati, kwa hiyo kwenye mashine rimu iko katikati kabisa na sifuri ni sifuri ya kweli. Kosa linazaliwa garini. Fundi anayekaa na mashine hiyo kila siku hajui hilo? Au anajua na anatuona sisi hatujui?

Sasa boliti. Nilipokuwa navua gurudumu la mbele kushoto, nati moja ilitoka na vipande vya chuma vinavyong'aa kama nyuzi za waya. Nikaijaribu kwenye boliti nyingine kwa mkono: inaingia mizunguko miwili, inakwama. Nikaigeuza nikasoma: M12x1.5. Gari langu ni 1.25. Unene ni ule ule wa milimita 12, ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho, ila meno hayalingani. Toyota, Honda na Mitsubishi wanatumia 1.5, Subaru na Nissan 1.25. Nati ikikwama kwa mkono baada ya mizunguko miwili, fundi anatoa na kuangalia. Huyu aliilazimisha kwa bunduki ya upepo ikachimba meno mapya juu ya yale ya zamani. Nne zilizobaki zilikuwa sahihi, hiyo moja waliokota kwenye kopo la nati mchanganyiko. Nimeendesha familia yangu kwa kasi ya 110 na boliti ya namna hiyo gurudumu la mbele. Kila nikiifikiria hii nashindwa kulala, sisemi kwa kuongeza chumvi.

Nimempigia muuzaji. Kwanza "tuma picha". Nimetuma picha za venia, nati, muhuri wa ofseti na madigadi. Kimya siku mbili. Kisha: "Rimu zikishafungwa hazirudishwi, na wewe ndiye uliyezichagua." Mimi nilichagua rangi na muundo wa spoki, kweli. Vipimo niliuliza kwa maandishi mara mbili, na meseji zote ninazo.

Akaongeza kwamba nikate mdomo wa madigadi "kidogo tu" na niongeze kemba hasi (juu ya gurudumu lilalie ndani), mambo yatakaa sawa. Yaani gari likatwe ili lifuate rimu yake. Kemba hasi ya kufukuzia nafasi itakula tairi upande wa ndani, na usukani tayari unavutwa huku na huku kwenye mifereji ya barabara kwa sababu kitovu cha tairi kimetoka nje milimita 17. Hapana, siligusi bati langu.

Ninachokidai ni hiki: achukue rimu na tairi tatu zilizo salama, lile lililochongeka tujadiliane, alipe boliti mpya na kupaka rangi madigadi. Nati zake nimezihifadhi kwenye mfuko, ile ya 1.5 nimeifunga pekee yake.

Wadau wenye STI za 2008 hadi 2014, nisaidieni mawili. Aliyebadilisha boliti ya habu ya mbele bila kung'oa nakoo nzima (chuma kinachoshika habu), nafasi ya kuipitisha kwa nyuma inatosha? Na pete za 73.1 kwa 56.1, za alumini mlizipata zikikaa imara au zinagandia kwenye habu? Za plastiki sizitaki, na kalipa za gari hili zinavyopata joto.

NYONGEZA: Waliouliza kuhusu Brembo, spoki zilipita, kwa unene wa kadi mbili za benki hivi. Hakuna aliyepima kabla ya kufunga. Zingegusa, tungejua gurudumu likiwa linazunguka.

NYONGEZA 2: Rimu za kiwandani nimezirudisha leo kwa gurudumu tatu. Kushoto mbele gari liko juu ya stendi, linasubiri boliti.