Mjadala: Je, bahari ndiyo iliyovunja ngao za barafu za kale? Na kuta za pwani zijengwe kwa kufuata ushahidi huo?

Nanga (mleta mada)

Wakuu, ugomvi kuhusu kuta za bahari, bandari na mitambo iliyojengwa ufukweni huishia kwenye namba moja: bahari itapanda kiasi gani kufikia 2100. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inatoa sentimita 63 hadi 101 iwapo gesi chafu zitaendelea kuongezeka kwa kasi kubwa, kisha inasema kukaribia mita 2 hakuwezi kukanushwa, kwa sababu mwenendo wa ngao za barafu, yaani barafu nene inayofunika nchi kavu kubwa, bado haujaeleweka vizuri. Wengi husoma sentensi ya kwanza na kuiruka ya pili. Mimi nasema ya pili ndiyo ya kujengea, na ushahidi wangu ni wa kale: ngao kubwa za barafu zimewahi kuvunjwa na bahari, si na hewa.

Mwaka 1988 Hartmut Heinrich alieleza matabaka ya mchanga na vijiwe ndani ya matope ya sakafu ya Atlantiki ya Kaskazini, mbali mno na mto wowote unaoweza kufikisha mawe. Yaliletwa na siwabarafu, yaani vipande vikubwa vya barafu vinavyoelea baharini. Matabaka makuu, H1 hadi H6, ni ya kati ya miaka 60,000 na 17,000 iliyopita hivi, na mengi yana chembe za chokaa kutoka upande wa Ghuba ya Hudson, yaani ndani ya ngao ya Laurentide iliyofunika Kanada.

Hesabu ya joto inatisha kidogo. Maji ya bahari huganda karibu nyuzi −1.9 yakiwa juu, na kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi 0.75 kila mita 1,000 za kina. Kwa hiyo maji ya nyuzi +1 tu, yakifika chini ya barafu kwenye kina cha mita 1,000, yako zaidi ya nyuzi 3.6 juu ya kuganda. Mwaka 2002 Rignot na Jacobs, wakipima barafuto (mito ya barafu) za Antaktika, walipata kwamba kila nyuzi 1 ya ziada huongeza kuyeyuka kwa takriban mita 10 kwa mwaka karibu na mstari wa kuelea, pale barafu inapoacha kukalia mwamba. Hewa haiwezi kazi hiyo katika baridi ya enzi ya barafu.

Mashapo

Mkuu Nanga, fizikia yako haina tatizo. Tatizo ni saa na kipimajoto.

Saa kwanza. Mwaka 2015 Barker na wenzake walilinganisha baridi na mawe katika mashapo yaleyale, hivyo hawakuhitaji kulinganisha tarehe za sehemu mbili tofauti. Baridi ilitangulia, siwabarafu zikafuata. Kwa hiyo siwabarafu hazikuanzisha baridi ile. Ukileta kaboni-14 ya kupimia umri, mambo huwa magumu zaidi: maji ya bahari hubeba kaboni iliyozeeka, wastani wa miaka 400 hivi, na karibu na Antaktika hupita 1,000. Katika enzi ya barafu tofauti hiyo ilipanda na kushuka. Ukitumia sahihisho moja kwa mche mzima wa mashapo (nguzo ya matope iliyotolewa sakafuni), unaweza kugeuza sababu kuwa matokeo bila kujua.

Kipimajoto ndicho kinachonisumbua zaidi. Joto la maji ya chini hupimwa kwa uwiano wa magnesi na kalsi katika maganda ya foraminifera, viumbe vidogo vya baharini vyenye maganda ya chokaa. Kazi huenda hivi: matope huoshwa kwenye chekecheo ya maikromita 63, maganda mazima huchaguliwa chini ya darubini, hupondwa taratibu kati ya vioo viwili, husuuzwa kwa maji safi na methanoli ndani ya mashine ya mawimbi ya sauti ili udongo utoke, kisha hupewa peroksidi ya hidrojeni kuondoa mabaki ya viumbe na asidi hafifu kung'oa utando wa nje. Mwishoni hupimwa alumini, chuma na manganisi. Alumini ikionekana nyingi, udongo umebaki na sampuli hutupwa.

Lakini mawe ya Ghuba ya Hudson yana dolomiti, madini ya jamii ya chokaa yenye magnesi nyingi na alumini karibu hakuna. Kipimo cha alumini hakiioni. Fanya hesabu: gramu 1 ya dolomiti ndani ya kilo 1 ya maganda huongeza takriban milimoli 0.5 za magnesi kwa kila moli ya kalsi. Maganda ya maji baridi yenyewe yana karibu milimoli 1. Kwa kuwa uwiano huu hupanda kwa asilimia 9 au 10 kwa kila nyuzi, uchafu huo mdogo unaweza kuzua nyuzi 4 za joto lisilokuwapo. Dolomiti huyeyuka polepole katika asidi, kwa hiyo si yote itaingia, ila hakuna anayejua ni kiasi gani kimeingia kwenye sampuli fulani. Na iko tele mahali gani? Kwenye matabaka yaleyale ya Heinrich tunayotaka kuyapima.

Mwamba_Tupu

Niongeze la MacAyeal wa 1993, maana linasahaulika. Barafu nene hujifunika yenyewe: joto linalotoka ardhini hushindwa kupenya, kitako hufikia kuyeyuka, kinateleza, barafu inamwagika baharini, inakuwa nyembamba, kitako kinaganda tena. Mzunguko wa takriban miaka 7,000, bila msaada wa bahari. Ukikubali hili, maji ya joto ni mpita njia tu.

Pia wingi wa mawe si wingi wa siwabarafu. Mawe hukaa kwenye kitako cha barafu. Barafu ikipita kwanza chini ya rafu ndefu inayoelea, kitako huyeyuka na mawe huanguka papo hapo; siwabarafu hufika katikati ya Atlantiki mikono mitupu. Tabaka nene la mawe huenda linaeleza njia ya barafu kuliko wingi wake.

Nanga

Mwamba_Tupu, mzunguko unaojiendesha wenyewe ungekuwa na saa yake. Kwa nini basi matukio ya Heinrich yaangukie kwenye vipindi vya baridi kali, na si popote? Jibu lipo baharini. Mzunguko wa maji wa Atlantiki ukidhoofika, juu kunakuwa na maji mepesi na barafu ya bahari, na chini yake, mita mia kadhaa, joto linalotoka kusini halina pa kutokea. Linajikusanya. Hewa inaganda huku maji ya kina yakipata joto. Hili pia linajibu hoja ya Barker: baridi kutangulia si kikwazo, ndicho tunachokitarajia.

Mashapo, onyo la dolomiti nalikubali, lakini Marcott na wenzake mwaka 2011 walionyesha joto la chini likipanda kabla ya mawe kuanza kuanguka, kwa miaka 1,000 hadi 2,000. Tabaka lisilo na dolomiti haliwezi kuchafuliwa nayo.

Kuhusu kurudiarudia, kuna maelezo ya Bassis na wenzake wa 2017 ambayo binafsi nayaona bora kuliko ya MacAyeal. Barafu ya mita 3,000 hukandamiza mwamba chini kwa takriban mita 800, ukilinganisha uzito wa barafu na wa miamba ya ndani ya dunia. Kizingiti cha Mlangobahari wa Hudson, yaani mwinuko wa sakafu pale Ghuba ya Hudson inapotokea Atlantiki, kinazama, maji ya joto yanapita juu yake, barafu inarudi nyuma haraka. Mzigo ukipungua, mwamba unapanda katika maelfu ya miaka, kizingiti kinafunga mlango, barafu inakua tena. Bahari hufungua na mwamba hufunga.

Mashapo

"Tabaka lisilo na dolomiti" ni kwenye mchoro. Minyoo ya sakafuni huchanganya sentimita 5 hadi 10 za mashapo. Mahali matope yanapojaa kwa sentimita 10 kila miaka 1,000, dolomiti inaweza kushuka miaka 500 hadi 1,000 chini ya pale ilipoangukia. Miaka 2,000 siwezi kuieleza hivyo, nakubali. Nusu ya kwanza ya hiyo naweza.

Kipimakina

Mnabishana kuhusu Laurentide, na ngao hiyo haipo tena. Anayejenga ukuta anahitaji kujua Antaktika Magharibi, ambako barafu iliyokalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari inatosha kupandisha bahari zote kwa takriban mita 3.3.

Pale bahari ina kesi nzuri. Hillenbrand na wenzake (2017) walionyesha kuwa maji ya joto ya kina yaliingia eneo la Pine Island na kurudisha barafu nyuma hadi miaka 7,500 hivi iliyopita, yakakatika, kisha yakarejea kuanzia miaka ya 1940. Mche wa ANDRILL uliochimbwa chini ya Rafu ya Ross, zaidi ya mita 1,280, una matabaka ya diatomu (mwani mdogo sana) ya Pliosini, miaka milioni 5.3 hadi 2.6 iliyopita: mwani huo huhitaji mwanga, kwa hiyo bahari ilikuwa wazi pale. Na ilifunguka na kufunga kwa mwendo wa miaka 40,000 hivi, unaofuata mwinamo wa mhimili wa dunia.

Lakini mwangalie kipindi cha joto kilichopita, miaka 129,000 hadi 116,000 nyuma, ambacho usawa wa bahari hukadiriwa kuwa mita 6 hadi 9 juu ya wa leo. DNA ya pweza *Pareledone turqueti*, iliyochapishwa 2023, inaonyesha pweza wa Bahari ya Weddell, Amundsen na Ross walichanganyika wakati huo, jambo linalohitaji njia ya maji katikati ya Antaktika Magharibi. Halafu 2025 yakaja matokeo ya mche wa barafu ya Skytrain, iliyo kando ya Rafu ya Ronne upande wa Weddell: rafu hiyo ingetoweka, chumvi ya bahari ingejaa ndani ya barafu hiyo; haikujaa. Ronne ilisalimika. Huenda upande wa Amundsen ulianguka na wa Weddell ukabaki, lakini kuvunjika kabisa hakujathibitishwa.

Na tahadhari moja kuhusu kasi. Utafiti wa 2023 kwenye sakafu ya bahari ya Norway ulisoma vituta vya matope na kupata mstari wa kuelea ukirudi mita 55 hadi 610 kwa siku. Hiyo ni ya siku au miezi, kwenye sakafu tambarare. Mara mia tatu sitini na tano siyo kasi ya mwaka, na kuna watu wanaizidisha hivyo.

Nanga

Sawa, lakini kuna pigo la maji 1A, yaani bahari kupanda ghafla, miaka 14,650 hadi 14,300 iliyopita: mita 14 hadi 18 katika miaka 340 hivi, kama matumbawe ya Tahiti yanavyoonyesha. Hiyo ni zaidi ya sentimita 4 kwa mwaka, wakati leo tuko karibu na milimita 4.

Kipimakina

Wakati huo kulikuwa na ngao za Amerika ya Kaskazini na Skandinavia za kuyeyusha. Sasa hazipo. Huwezi kuazima kasi yake bila kuazima barafu yake.

Hata kuanguka kwa majabali ya barafu (kingo ndefu za barafu kuporomoka kwa uzito wake), ambako DeConto na Pollard (2016) walikutumia kupata zaidi ya mita 1 kutoka Antaktika pekee kufikia 2100, kunahitaji jabali la karibu mita 100 juu ya maji, yaani barafu ya mita 900 na ushee inapoanza kuelea. Edwards na wenzake (2019) walionyesha kuwa data za kale zinaelezeka bila dhana hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wajenzi: kimo cha ukuta kikadiriwe kwa bahari kupanda mita 1, ila msingi uwe mpana wa kubeba nyongeza, na ardhi ya nyuma isiuzwe. Mita 2 itumike kupimia kile ambacho hakiwezi kuhamishwa, kama mtambo wa nyuklia au dampo la sumu.

Mwamba_Tupu

Ubishi huu unaweza kukatwa kwa kuchimba mwamba wenyewe chini ya barafu na kupima beriliamu-10 na alumini-26, atomi za mionzi. Hujengeka mwamba ukiwa wazi kwa miale ya anga, na uwiano wao hubadilika ukifunikwa, kwa kuwa alumini-26 huoza karibu mara mbili ya kasi ya beriliamu-10. Kosa la kuepuka ni kuchimba bondeni: barafu ikiondoka pale, bahari huingia, na maji huzuia miale ileile tunayoitafuta. Ni lazima kuchimba vilele vilivyozikwa.