Globu ya taa kubwa ya kushoto inaungua mara kwa mara

Mkazi wa Kizota

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninatumia Toyota Corolla ya mwaka 1998, na tangu mvua zilipoanza nimebadilisha globu ya taa kubwa ya kushoto mara tatu, ilhali ya kulia ni ileile niliyoikuta siku niliponunua gari. Ni globu za miguu mitatu, zimeandikwa H4 12V 60/55W. Jana muuzaji wa spea alinishauri nifunge ya 100/90W, akisema ni ngumu zaidi na mwanga wake unafika mbali. Ijumaa nitakwenda Iringa kwa barabara ya Mtera kumchukua mama yangu ambaye amekuwa akiuguzwa huko, na huenda tukarudi giza limeshaingia. Naomba kueleweshwa kama ushauri wa muuzaji ni sahihi, na kama kazi hii naweza kuifanya mwenyewe, maana betri imekaa karibu sana na mgongo wa taa hiyo na mkono wangu haupiti vizuri.

Fundi umeme wa magari, Nzuguni

Ndugu, hiyo ya 100/90W iache dukani. Globu ya wati 60 kwa umeme wa volti 12 inavuta ampea 5, ya wati 100 inavuta zaidi ya 8, na nyaya na soketi za gari lako zilitengenezwa kwa ajili ya ile ndogo. Nimeshafungua soketi nyingi zilizopata mzigo wa namna hiyo: plastiki imekuwa ya kahawia, kijishimo cha mguu mmoja kimelegea, na ukiivuta inatoka na harufu ya kuungua.

Katika maelezo yako, lililonivutia zaidi ni kwamba taa ya kulia haijawahi kuungua. Kama alterneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, ingekuwa inachaji kupita kiasi, mita ikasoma zaidi ya volti 15 injini ikiwa inanguruma, globu zote mbili zingeathirika. Kwa hiyo sababu iko upande wa kushoto peke yake. Kabla hujanunua nyingine, ichukue iliyoungua uitazame mchana, penye mwanga mzuri. Kioo chake kikiwa cheusi kwa ndani, imechoka au imepata umeme mwingi. Kikiwa na ukungu mweupe kama maziwa, hewa imeingia, na ukichunguza huenda ukaona ufa. Kikiwa kimevimba mahali pamoja kama lengelenge, kilishikwa kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi hufanya sehemu hiyo ipate joto kuliko nyingine. Lakini kikiwa safi kabisa na ule uzi wa ndani umekatika, ncha yake ikicheza unapoitikisa, mshuku mtikisiko.

Kuhusu kufunga, kazi ni yako kabisa. Zima gari, acha taa ipoe, kisha ifungue betri, ukianza na waya wa hasi, na uitoe ili upate nafasi. Ni afadhali dakika hizo kumi kuliko kulazimisha mkono na kuvunja klipu. Chomoa soketi, vuta mpira wa kuzuia vumbi, bonyeza waya wa springi na uusogeze pembeni, globu itatoka. Mpya ishike kwenye chuma tu. Ukigusa kioo, kifute kwa spiriti na kitambaa safi. Ina masikio matatu yanayoingia kwa namna moja tu, kwa hiyo ikikataa kukaa usiisukume, izungushe kidogo. Rudisha mpira hadi ubane pande zote, kwa sababu vumbi letu la Dodoma likiingia humo hufifisha kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga.

Dereva wa Dodoma–Iringa

Naomba niongeze jambo moja kwa ajili ya safari ya Ijumaa. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, dimu, yaani mwanga mfupi wa taa kubwa, hutengenezwa iinue mwanga kidogo kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, na huko ndiko wanakopita watembea kwa miguu, baiskeli na mifugo inayorudishwa zizini jioni. Taa ya kushoto ikiwa imekufa, ukingo huo ndio unaobaki gizani zaidi. Usiwashe fulu, yaani mwanga mrefu, kwa taa moja iliyobaki ili kufidia, kwani unamtia upofu anayekuja na wewe bado hujaona pembeni. Kama taa haijapona, mlale Iringa muondoke asubuhi.

Mkazi wa Kizota

Ninawashukuru sana. Globu zote tatu nilikuwa sijazitupa. Vioo ni safi, na katika kila moja uzi mmoja umekatika. Kisha nilishika taa yenyewe kwa mkono nikaisukuma, ikacheza karibu upana wa kidole, wakati ya kulia haisogei kabisa. Sikio la chini la plastiki linaloshika boliti limepasuka. Nakumbuka mwezi Desemba, baada ya mvua kubwa ya kwanza, niliingia kwenye korongo lililokata njia ya kwetu na pembe ya kushoto ya gari ikagonga chini. Sikuona mkwaruzo wowote, nikadhani mambo yameisha.

Fundi umeme wa magari, Nzuguni

Basi ndiyo hiyo. Gundi pekee haitadumu hapo. Weka kipande cha bati nyuma ya sikio, ukifunge kwa skrubu mbili fupi zenye washa (vipete vya chuma) pana, au tafuta taa nzima kwa wauza spea za mtumba. Funga globu mpya ya 60/55W baada ya taa kutulia, si kabla. Jioni simamisha gari penye sakafu iliyolala sawa, mita 10 kutoka ukutani, uwashe dimu: ukingo wa juu wa mwanga uwe chini kwa takriban sentimita 10 kuliko kimo cha katikati ya taa. Ukiwa juu zaidi, rekebisha kwa skrubu iliyo nyuma ya taa kabla ya Ijumaa. Mpe mama pole.