MREJESHO: Kupima ulaji wa marmoseti wanaokula bakuli moja

Wakuu, niliuliza nitajuaje kila marmoseti (kima mdogo wa Amerika Kusini) anakula kiasi gani wakati familia nzima inachangia bakuli moja. Asanteni kwa majibu.

Mizani bado naitumia. Chakula kinapimwa kabla na baada, na bakuli la pili lenye chakula kilekile linakaa nje ya banda, wasipolifikia. Tunda lililokatwa hupoteza maji, kwa hiyo bila bakuli hilo utadhani wamekula kumbe limekauka tu. Makombo ya sakafuni nayo huokotwa. Hawa jamaa wanauma kidogo, wanatupa!

Ila mizani haisemi nani kala. Hapo nimefuata utaratibu wa mtafiti wa tabia za wanyama Jeanne Altmann (1974): unamfuatilia mmoja kwa muda uliopangwa, kisha mwingine, zamu zikipangwa kwa kura. Alama ya rangi kwenye manyoya inawatofautisha.

Gundi ya mgunga naipaka kwenye matundu ya gogo, kwani porini kule Brazili hutoboa magome kwa meno na kulamba utomvu. Dakika za kila mmoja kula na gramu za mizani naziandika safu tofauti.

Kinachonisumbua sasa ni chakula ambacho wakubwa wanawaachia watoto. Mnakiandika kwa nani?