Kioo cha nyuma cha kanopi kimevunjika na pikapu imeanza kula mafuta, vinahusiana?

MamaTrei (mleta uzi)
Habarini wakuu, naombeni ushauri hasa nyie wenye pikapu zenye kanopi, lile paa gumu lenye vioo linalofunika sehemu ya mzigo. Nina Hilux single kebini ya petroli, cc 2700, nafanya nayo biashara ya mayai, napakia Kibaha nashusha Ilala, Buguruni na Mbagala, mara mojamoja naenda mpaka Chalinze. Sasa ule mlango wa kioo wa kanopi, unaofunguka kwenda juu, shoki yake moja ilikuwa imeisha nguvu, ukashuka wenyewe kwa kishindo kioo chote kikamwagika chini. Tangu hapo natembea na uwazi, mayai nafunika turubai.

Tatizo ni wese. Nilikuwa naweka la elfu hamsini naenda narudi na chenji ya kesho inabaki, sasa hivi taa inawaka njiani. Pale kijiweni wananiambia upepo unaingia kwa nyuma unajaa mle ndani kama parachuti unaivuta gari. Ni kweli? Maana kioo kipya nimetajiwa bei ya kuumiza na kama sio chenyewe bora hela niipeleke kwingine.

Mzee wa Chalinze
Dada toa kanopi nzima weka turubai, gari litakuwa jepesi. Na ukitembea mtupu teremsha mlango wa bodi upepo upite moja kwa moja.

Kimara_Stopover
Mzee shikamoo, ila hapo kwenye mlango wa bodi hapana. Bodi likiwa wazi juu na mlango umefungwa, hewa inajizungusha mle ndani inafanya kama mto, ile inayotoka juu ya kebini inateleza juu yake. Ukiteremsha mlango unauharibu huo mto, faida uliyotarajia huioni. Watu wengi wanaamini kinyume.

Na MamaTrei, habari ya parachuti usiibebe. Parachuti inakamata upepo unaokuja mbele yake. Uwazi wako uko nyuma, kule ambako gari likipita hewa inabaki pungufu, kwahiyo inayoingia mle ni ile inayorudi nyuma inazungukazunguka, haina nguvu ya kulivuta gari kiasi unachosema. Ingekuwa kimevunjika kioo cha mbele cha kanopi au cha ubavuni ningekuelewa kidogo. Halafu upepo unakula mafuta kwenye spidi. Ukitoka 50 kwenda 100 nguvu ya upepo inayokuzuia inakuwa mara nne. Sasa wewe kutoka Mbezi mpaka Ubungo asubuhi unatembea ngapi? Kwenye foleni ile hata ukitoa milango yote upepo hautakugusa, kinachokula hapo ni kusimama na kuondoka, mzigo, na injini kunguruma gari limesimama.

fundi_mchundo
Maswali matatu dada kabla watu hawajakuuzia kioo:
Kuna kitu kingine kilifanyiwa kazi kipindi hichohicho kioo kilipovunjika?
Unapimaje mafuta, kwa hela au kwa lita? Maana EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, wanatoa bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, elfu hamsini ya mwezi huu na ya mwezi uliopita sio lita zilezile.
Na trei huwa zinashikiliwa na nani huko nyuma?

MamaTrei
Asante fundi. Kwa hela, na kweli bei ilipanda ila sio kwa kiasi hicho. Kilichofanyika ni breki pedi za mbele, fundi wa mtaani kwetu alibadilisha wiki hiyohiyo. Nyuma anakaa kijana wangu wa mizigo, ndo anashikilia trei, nimemfungulia kile kioo kidogo cha kusukuma cha kebini tuwe tunaongea. Siku hizi analalamika kichwa tukifika mjini, nikajua ni jua.

Nesi wa Temeke
Dada yangu hapo kwenye kichwa simama kwanza, mafuta baadae. Huyo kijana anavuta moshi wa egzosi. Umeelezwa hapo juu kwamba nyuma ya gari hewa inarudi, na moshi wa bomba lako unarudi nayo. Angalia Noah au Hiace yoyote iliyotoka njia ya vumbi, mbele pasafi, kioo cha nyuma kimejaa vumbi mpaka unaweza kuandika jina, vumbi lile halikurushwa pale na mtu, limevutwa na hiyohiyo hewa. Wewe huna kioo cha kulizuia kwahiyo vumbi na moshi vinaingia ndani vinakaa, kanopi ina paa, havina pa kutokea haraka. Na kile kioo kidogo ulichofungua kinakuletea na wewe, hasa ukishusha vioo vya milango.

Gari la petroli linatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, mtu anaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anasinzia, na akilala humo anaweza asiamke. Foleni ndo mbaya zaidi mana na moshi wa magari mengine upo. Akipata nafuu akishuka na kukaa kwenye hewa safi, hiyo ni dalili nyingine kwamba sio jua. Kuanzia kesho akae mbele na wewe, siti ipo. Na mpeleke hospitali mwambie daktari hivyohivyo kwamba anasafiri nyuma ya gari na moshi unaingia, usiishie kumpa panadol.

Kimara_Stopover
Nimeongelea upepo sikuwaza mtu yuko nyuma. Sikiliza hii kuliko ya kwangu.

fundi_mchundo
Naungana na nesi. Na hata bila moshi, mtu hakai sehemu ya mzigo, ukipigwa na lori kwa nyuma pale hana kinga yoyote.

Sasa wese. Pedi mpya pamoja na gari kula ghafla, mimi naanzia hapo. Zile pini ambazo kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) inatelezea zisiposafishwa na kupakwa grisi yake, au pistoni ikiwa na kutu, pedi inabaki imegusa diski hata ukiachia breki. Tembea kidogo barabara tupu bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza mkono karibu na rimu za mbele bila kugusa. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake ndo huo. Ukipiga jeki tairi lizunguke kwa mkono, likigoma umepata jibu. Pima na upepo wa matairi asubuhi gari likiwa la baridi, namba zipo kwenye stika ya mlango wa dereva. Wese jaza fulu tenki, andika kilomita, tembea siku zako kadhaa, rudi sheli ileile pampu ileile jaza tena mpaka ikate yenyewe, gawanya kilomita kwa lita. Hapo ndo utakuja na namba tuongee.

Vioo na Raba
Kuhusu kioo, kile kilichomwagika vipande vidogo ni cha kuchomwa, hakikatwi tena kikishachomwa, inabidi upate cha saizi yako au kiagizwe, ndo mana bei ile. Zunguka Gerezani na Ilala uulizie kanopi zilizokatwa. Kama haraka, waambie wakukatie plastiki ngumu ya uwazi, ifungwe na raba pembeni kote isiache upenyo. Nailoni usiweke, Kibaha hujafika itakuwa imechanika. Na badilisha shoki zote mbili.

MamaTrei
Mrejesho wakuu. Kijana anakaa mbele tangu siku ile, hospitali alienda, kichwa hakijarudi. Trei nimezifunga kwa mikanda, zinatulia kuliko hata alipokuwa anazishika. Breki: tairi la mbele kushoto lilikuwa la moto huwezi kusogeza mkono, pini moja ya kalipa imeganda kabisa, imetolewa ikasafishwa. Nimepima fulu kwa fulu, kabla ilikuwa km 7 na kidogo kwa lita, sasa imegonga 9, na wakati huo kioo kilikuwa bado. Plastiki nimeweka juzi na shoki mpya, mafuta sijaona tofauti yoyote, ila vumbi la Kibaha kwenye mayai limeisha.

fundi_mchundo
Safi. Hizo pedi za kushoto zitoe uziangalie, zikiwa zimeisha upande au zimeungua badilisha zote za mbele, diski nayo iangaliwe kama haijapinda.